Kufuli Lisilo na Tundu

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe nne Novemba, asubuhi, fundi kufuli akiwa amebana ufunguo kwenye jiriwa na tupa iko mkononi. Redio ya kibandani ikasema wamiliki wa timu za mpira wa kikapu wamewafungia wachezaji nje. Hakuna ligi mpaka mkataba mpya wa mishahara upatikane. Mashabiki wasubiri.

"Wasubiri," fundi akarudia, na tupa ikateleza, ikaharibu ufunguo wa watu.

Neno hilo alikuwa analijua. Ndilo waliloambiwa yeye na mkewe kwenye benchi la hospitali, na wakubwa waliolisema wakaenda zao kula. Akarudi nyumbani peke yake.

Baada ya mazishi ndugu wa mke waliacha kuja, mmoja mmoja. Akabaki shemeji yake, kinyozi, kaka wa marehemu, ambaye hakukosa Jumamosi hata moja, kwa kuwa fundi ana televisheni kubwa na timu yao ni moja. Marehemu hawakumtaja. Walizungumza vikapu tu, wakataniana, kinyozi akaaga. Fundi hakujidanganya: mpira ukikatika, na huyu atakatika.

Ila hakuelewa kumetokea nini hasa. Mteja mmoja alimwambia, "Hao wamegoma, mzee." Redio inasema wamefungiwa. Sasa anayegoma si yuko ndani, anatoka? Na anayefungiwa si yuko nje, anataka kuingia? Maisha yake yote fundi alijua mtu hufunga mlango kwa kuogopa mwizi. Hapa mwizi nani? Na tajiri gani mwenye akili anafunga duka lake mwenyewe wateja wakiwa mlangoni?

Kichwa kikamuuma. Akachukua mkoba wa vifaa akaenda uwanjani. Si kuvunja, alijiambia njiani, ni kuangalia tu ni kufuli la namna gani.

Alikuta geti wazi, bawa hili na lile. Mlinzi alikuwa anamenya chungwa.

"Unamtafuta nani, mzee?"

"Kufuli."

"Kufuli lipi?"

"Walilowafungia wachezaji."

Mlinzi akautazama ule mkoba, akacheka mpaka chungwa likamponyoka. "Mzee wangu, hilo halina tundu. Liko kwenye makaratasi, huko juu kwa wavaa tai."

"Na ufunguo anao nani?"

"Wachezaji wanasema wanao matajiri. Matajiri wanasema wanao wachezaji."

"Kwa hiyo geti liko wazi na hakuna anayeingia."

"Ingia wewe ukitaka."

Fundi akachungulia. Sakafu ilifunikwa nailoni, nyavu zimevuliwa kwenye vikapu. Akaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Mlango mbovu angeutengeneza. Huu mzima angeufanya nini?

Jumamosi kinyozi alikuja, labda miguu tu imezoea. Televisheni ilikuwa inarudia mechi ya zamani.

"Leo tunawapiga," fundi akasema.

"Tulishapigwa, shemeji. Hii ya mwaka juzi."

"Mbona siikumbuki?"

"Utaikumbukaje? Ulilala hapo hapo, mdomo wazi kama kapu. Kidogo wakufungie pointi tatu."

"Sikulala mimi. Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unakoroma. Dada ndiye aliyeshangilia peke yake mpaka mwisho."

Kwenye televisheni watu walikuwa wanarukaruka. Fundi alitaka kuuliza alishangilia vipi, alisema nini, alikuwa amekaa kiti kipi, lakini maneno yakagoma, au yakafungiwa, hata hilo hakujua.

Kinyozi akatazama saa ya ukutani. Akainuka kabla mechi haijaisha, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Basi, shemeji. Mpaka watakapofungua."

"Watafungua lini hao? Wakubwa wakikwambia subiri, jua wao wameshakaa."

"Watapatana tu."

"Wangejua watu wanakaa vipi huku."

"Wajue ya nini? Hawakujui, huwajui." Kinyozi alikuwa ameinama, anavuta kamba ya kiatu.

Fundi akakisogelea kile kisogo kilichoinama. Kilifanana na cha mkewe, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Na wasipofungua kabisa?" akasema. "Jumamosi utakuja?"

Kinyozi akaendelea kufunga kamba, kiatu kile kile, akaifungua, akaanza upya.