Jeti ya Salomon na Droni ya Mwalimu

Katika karakana ya Salomon, pale mtaani Mususa, vita vya angani vilipiganwa kila jioni bila ndege. Salomon aliunga vyuma. Mwalimu Luc, mtu wa Kasai aliyeletwa huku kufundisha, alikaa juu ya tairi kuukuu akimchokoza kwa kuisifu droni ya waasi. Mama Kyakimwa, mama mkwe wa Salomon, alichambua maharagi na kusikiliza.

"Droni yako ni nzi, mwalimu! Hata mutu hapana ndani. Jeti yetu ya serikali ikipita inashona udongo kama mashini ya fundi wa nguo: ta-ta-ta-ta, mashimo yote mu mustari moja."

"Lakini nzi inaona, bwana. Droni inakaa juu tangu asubui, inahesabu kuku zako. Inaangusha bombe moja, shimo moja, kwisha. Jeti yako inakimbia sana. Itaona nini? Vumbi yake yenyewe!"

"Mu jeti kuko mutu. Na mutu anajua batu bake."

Watu walicheka. Wawili hao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga. Lakini Luc ndiye aliyemletea Mama Kyakimwa dawa ya miguu bila kuombwa, na mama hakuwa mtu wa kusahau mambo kama hayo.

Aliyeamini kila neno la Salomon ni mke wake Nadège, kitinda mimba wa Mama Kyakimwa. Tangu walipokimbia vita kule Kirumba, kila mvumo wa angani ulimtupa chini ya migomba. Salomon alimhurumia.

"Usikimbie ndege yetu, chérie. Anayekimbia ndiye anafanana adui. Simama, kata tawi, pepea, sawa vile tunapokeaka bageni."

Kwao, anayefurahiwa hupokelewa kwa majani ya mti. Mama Kyakimwa alikumbuka kwamba wapiganaji wa porini nao hujivika majani kichwani. Akainamia maharagi yake. Mkwe hakosolewi mbele ya mke wake.

Jumamosi moja walikuwa shambani, ng'ambo ya mtaa wa Vulamba, wakivuna maharagi pamoja na majirani. Kwanza ikaja droni, ikivuma kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Wote wakalala kati ya mimea. Kisha jeti ikapasua mawingu kutoka upande wa Beni. Droni ikakata kona na kuzama bondeni. Jeti ikaipita kwa kishindo, ikaikosa, ikaanza kugeuka.

"Yetu! Inafukuza nzi! Musimame, musimame!" Salomon aliruka juu kama mtu aliye uwanjani timu yake ikikaribia kufunga.

Nadège alimtazama mama yake, kisha mumewe. Akavunja tawi la mkaratusi, akaliinua. Majirani wakamfuata, shamba likawa kichaka kinachocheza. Nadège alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu Kirumba.

Jeti ikawashukia.

Ilipokwisha kupita, droni nayo ilikuwa imekwenda zake, haijamgusa mtu. Nadège alilala juu ya tawi lake. Mwanamke mmoja wasiyemjua alivua kitenge chake, akamfunika, akarudi nyumbani na sketi ya ndani. Mama Kyakimwa alimwombea mwanamke huyo baraka. Ndipo akaona mashimo: mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba mkulima mwenye bidii amepita akitayarisha kupanda maharagi. Mstari ulipita pale aliposimama mtoto wake.

Mwalimu Luc alikuja mbio kutoka mjini kusaidia kubeba maiti. Naye aliufuata mstari ule hadi mwisho.

Kwenye kilio, wazee walimgeukia Salomon. "Wewe ndiye unajuaka bile bitu. Ilikuwa ndege gani?"

Salomon aliitazama mikono yake. "Droni," akasema. "Ni ile droni."

Majirani waliokuwa shambani wakainamisha vichwa. Mwalimu Luc akaweka bilauri yake chini.

"Ni kweli," akasema polepole. "Salomon iko na raison. Ilikuwa droni."

Ulikuwa wema, na Mama Kyakimwa aliutambua kuwa wema. Lakini tangu wajuane, mwalimu hakuwahi kumkubalia Salomon hata neno moja. Salomon akainua uso, akamkazia macho rafiki yake, akangoja amcheke, amtukane, amwite mjinga.

Luc akaiokota bilauri yake, akampa.

Ndipo Salomon alipolia, kama mnyama anayechinjwa kwa kisu butu.