Mashini Isiyoganda

Shakira aliniuliza swali moja tu: "Muzee, mashini ya kazi gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Duka lake liko Gikondo, katikati ya magereji. Anatengeneza na kuuza kompyuta za mkononi zilizokwisha kutumika, zile ambazo Kigali nzima tunaziita mashini. Amevaa hijabu, na mezani kwake tasbihi imelala karibu na bisibisi. Nikaona haya kumwambia ukweli.

"Ya kusikiliza mahubiri," nikasema.

Basi akanichagulia ya mahubiri: spika nzuri, kioo kinang'aa, memori ya giga nne. Nikalipa karibu pesa zote nilizokuwa nazo, nikapanda nayo kilima cha Rebero kwa binti yangu Uwineza.

Ukweli ni huu. Miaka thelathini nilibadilisha pesa mipakani, Rusumo, Gatuna, mpaka upande wa Uvira. Unanunua asubuhi, unauza kabla bei haijageuka, unaondoka. Sasa magoti yamekataa barabara. Rafiki yangu Frederick, tuliyekuwa naye huko mipakani, ndiye aliyenionyesha soko la madau ya mpira ndani ya kompyuta. Humo watu hubashiri nani atashinda. Kabla ya mechi bei ya timu hupanda na kushuka. Unanunua dau, unaliuza, unatoka kabla ya filimbi. Programu inakupangia bei kama ngazi, na ngazi hiyo haitulii.

"Mashini ikiganda ukiwa ndani," Frederick alinionya, "filimbi inapulizwa umebaki na dau mkononi. Hapo si biashara tena, ni kamari."

Pesa ya mashini ilikuwa karibu akiba yangu yote iliyobaki tangu mipakani. Nikikosea, sina nyingine. Nitabaki kwenye kochi la binti yangu nikitazama magari yanavyopanda kilima.

Jumamosi nikafungua programu upande wa mazoezi, ambako pesa si ya kweli. Dakika tatu safi. Ya nne bei zikasimama. Nikabonyeza, kimya. Zilipoamka, mechi imeshaanza na kipa ameshafungwa moja.

Uwineza akachungulia. "Papa, mahubiri yameisha?"

Naye nilikuwa nimemdanganya vilevile. Nikaifunga mashini.

Jumatatu nikarudi Gikondo. Kwenye risiti imeandikwa kitu kikishauzwa hakirudi. Nikaweka mashini mezani, nikasema yote: dau, ngazi, filimbi, uongo wangu.

Shakira akaendelea kukaza skrubu. "Kwa hiyo hayo mahubiri ni ya timu gani?"

"Nisamehe, mwanangu."

"Mtu mzima unadanganya fundi. Unaumwa tumbo, unamwambia daktari jino. Sasa yeye atang'oa nini?"

Akafungua droo, akanirudishia pesa yote, risiti akaichana. "Mashini haijachubuka. Lakini ya kamari mimi siuzi. Marehemu baba alishona suruali miaka arobaini mpaka nikapata duka hili. Siwezi kuliingizia pesa ya haramu."

"Si kamari, ni—"

"Muzee, usinifundishe. Enda kwa Kagabo, mlango wa tatu. Yeye anauzia yeyote."

Nikatoka nimeshusha pumzi, pesa mfukoni. Lakini Kagabo ana mdomo wa sokoni. Kabla sijakaa ameshanitolea mashini nyekundu yenye taa chini ya vibonye.

"Hii ni ya michezo, muzee. Iko na moto."

Nimeshatia mkono mfukoni nikasikia nyuma yangu: "Acha hiyo pesa ilale."

Shakira amesimama mlangoni na bisibisi yake.

"Si ulisema huuzi?" nikamuuliza.

"Siuzi, naangalia. Kuangalia kama mashini ni nzima si dhambi. Utakachofungua humo ni chako na Mola wako." Akamgeukia Kagabo. "Taa za nini? Muzee anaenda disko? Leta ile ya kijivu."

"Ile iko na sura mbaya."

"Hata yeye."

Akaipindua, akaifungua mgongo, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: memori ya giga nane, na nafasi ya kuongeza, diski ya kisasa, isiyozunguka, feni haina vumbi. Akaiwasha, akafungua kurasa ishirini kwa mpigo, akaniachia nizipekue. Haikuganda hata mara moja. Na bei yake ilikuwa chini ya ile nyekundu, jambo ambalo Kagabo hakulifurahia. Nikainunua.

Jumapili mchana nikakaa tena kwenye mazoezi. Frederick amesema pesa ya kweli isubiri mwezi mzima, nami namsikiliza. Ngazi ilipanda, ikashuka, haikukwama. Nikanunua, nikauza, nikatoka. Filimbi ilipulizwa niko nje, nimenyoosha magoti, mwepesi kama zamani mpakani, mhuri wa mwisho unapogongwa na kizuizi kinainuliwa.

Uwineza akaleta chai. Safari hii nilikuwa nimemweleza kila kitu.

"Papa, nani ameshinda?"

"Sijui. Nilishaondoka."

"Kuondoka unakujua tangu mipakani," akasema, akamimina vikombe viwili, akakaa.