Sambusa Zisizofungika

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya Pasaka niliota nimesimama jikoni kwetu Usangi, nimeshika manda za sambusa, na manda zinanikataa.

Si kwamba zilichanika. Zilisema. Ile ya juu kabisa, iliyokuwa bado na joto la kikaango, ilijinyanyua ukingo mmoja ikaniuliza, "Wewe ndiye unayetufunga mwaka huu?"

"Ndiyo."

"Mama yuko wapi?"

"Yupo chumbani. Haumwi sana. Amesahau tu."

"Amesahau nini?"

"Kukunja," nikasema. Mengine sikuyataja.

Manda zikatazamana.

Hapa inabidi nieleze kwanza mambo ya nje ya ndoto. Sambusa za Pasaka za ukoo wetu alikuwa anazifunga Mama. Watu wakitoka kanisani walikuja kwetu moja kwa moja, wamelowa, wanakung'uta matope mlangoni, na sambusa ndizo zilizowapokea kabla ya wali. Mwaka jana alizikunja vizuri kabisa ila akasahau kutia nyama. Tulikula pembe tupu hivyohivyo. Tangu mvua za vuli hanijui. Ananiita binti, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi. Wiki hii kaka yangu, Elinihaki, alipiga simu kutoka Dar es Salaam. "Mdogo wangu, Jumapili tukishakula tutakaa tuongee kuhusu Mama. Nataka nimchukue." Nikamwambia sawa. Mpaka sasa sijui kama nilisema sawa kwa kukubali au kwa kuchoka.

Basi, ndotoni, manda ikasema, "Mlete. Lakini mfunike kwanza. Kanuni unaijua."

Kanuni naijua. Manda ikipigwa na hewa inakauka, na ikikauka haikunjiki, inavunjika. Ndiyo maana hufunikwa kwa kitambaa kibichi muda wote unapofanya kazi.

Naenda chumbani. Mama amekaa kitandani na kingo zake zimeshaanza kukauka. Ukingo wa sikio. Ncha za vidole. Anageuza kichwa anitazame, na kipande cha shingo yake kinadondoka kwenye shuka bila sauti, chembamba, cheupe.

"Mama, usigeuke."

"Nani amefungua dirisha?"

Hakuna aliyefungua. Chumba hakina dirisha tena, wala ukuta wa upande ule. Tupo ndani ya kanisa letu, Mama na kitanda chake katikati ya njia, na upepo wa mlimani unaingia kwa milango yote. Kwaya imesimama mbele lakini haiimbi. Inasubiri kula.

Natoa kitambaa kichwani, nakimbilia bomba la nje. Nalifungua, yanatoka mafuta. Nachota kwenye pipa la mvua, mafuta. Naangalia juu. Masika yote inanyesha mafuta ya kupikia, na watu wamesimama barazani wanasema mwaka huu Mungu ametukumbuka.

Namshika mkono mama mmoja wa kwaya. "Naomba maji kidogo. Mama yangu anakauka."

"Maji yamekwisha, mpendwa," anasema. "Tumia ya kwako."

Nikaelewa. Nikainama juu ya Mama nikajaribu kulia. Nilikumbuka vitu vyote vinavyoliza. Nilikumbuka siku aliponishukuru kwa chai akaniuliza nalipwa shilingi ngapi. Hakuna kilichotoka. Macho yangu yalikuwa makavu kuliko yeye.

Ndipo Kaka akaingia. Amevaa suti, na amebeba hotpoti kubwa ya maua, ile ya kupelekea chakula msibani. Akaiweka sakafuni karibu na kitanda, akafungua mfuniko.

"Atakaa na joto mpaka Dar," alisema.

"Kaka, Mama haingii humo."

"Akikunjwa anaingia."

"Amekauka."

"Kwa hiyo mkunje taratibu. Wewe ndiye unayekaa naye, mimi nitamuumiza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka na safari, na soksi zake zilikuwa zimelowa mafuta. Akakaa kwenye benchi la mbele na wageni, akaniuliza kama karai limepata moto, maana watu wana njaa.

Karai lilikuwa mahali pa mimbari, limejaa, na lilikuwa linanitazama.

"Nijaribu kwa kipande kidogo," karai likasema. "Kikipanda juu, niko tayari. Kikizama, unasubiri."

"Manda zimekataa. Sina kipande."

"Huna chochote kidogo?"

Nikapapasa mfukoni mwa aproni. "Nina jina langu."

"Lina ukubwa gani?"

"Dogo. Nakiete. Nyumbani siku hizi halitumiki."

"Litafaa," karai likasema.

Nikalidondosha. Lilizunguka mara moja juu ya mafuta, nikadhani linapanda, kisha likazama. Halikutoa hata povu.

"Bado," karai likasema. "Subiri."

"Na jina nitalipata?"

"Vinavyozama huwa vinaungua chini. Watakaosafisha ndio watakaoviona."

Nyuma yangu watu walianza kugonga sahani kwa vijiko, polepole, bila hasira. Nikarudi kwa Mama.

Napiga magoti. Namshika mkono wa kulia kwanza, kwa sababu manda huanzwa kukunjwa upande wa kulia, yeye mwenyewe alinifundisha. Nauinua. Kiwiko kinalia kama jani kavu, na mstari mwembamba unatembea kutoka kwenye kiwiko mpaka begani. Naacha. Kaka anasema, "Endelea tu, mdogo wangu." Nauinua tena. Mstari wa pili unaungana na ule wa kwanza. Naona ndani yake. Hamna nyama. Ni pembe tupu, safi, imekunjwa vizuri sana, na mwisho kabisa kuna giza.

Hapo ndipo machozi yakaja.

Yalikuja upande mmoja tu, jicho la kushoto, na hayakuwa na adabu. Yalitiririka yakaanguka kwenye kiwiko cha Mama, na pale yalipoangukia pakalainika, pakawa ngozi. Nikamsogelea ili yasipotee. Nikajaribu kuyagawa, mengine kwa bega, mengine kwa shingo, lakini hayakutosha hata mkono mmoja. Yangekuja mapema, labda. Sasa alikuwa amekauka mpaka kifuani.

Mama akanitazama.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Mimi nani?"

Nikafungua mdomo. Pale jina lilipokuwa palikuwa na harufu ya kuungua tu.

"Ninayekaa na wewe," nikasema.

Akalifikiria jibu hilo kwa heshima, kama mtu anayepewa bei ya nyanya sokoni.

"Unavuja," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Si kosa lako. Pembe haikufungwa vizuri. Aliyekufunga alikuwa na haraka."

Nilitaka kumwambia ni yeye. Kwamba nilizaliwa njiani, hospitali ikiwa bado mbali, hadithi aliyokuwa akiisimulia kila mwaka huku anakunja, na alikuwa akicheka. Sikuweza. Hadithi ile inaanza kwa jina langu.

Pembeni ya kitanda palikuwa na bakuli la uji wa ngano, ule mzito wa kugandishia kingo. Akachovya kidole, kwa ule mkono uliolainika kidogo.

"Sambusa inayovuja inachafua mafuta ya wenzake," akasema. "Njoo hapa."

Nikasogea. Akapaka uji kwenye kona ya jicho langu la kushoto, akaibana kwa kidole na kuishikilia, kama alivyokuwa akishikilia kila sambusa mpaka ikamate. Kwa muda ule alikuwa anajua hasa anachofanya, na mimi ndiye niliyekuwa mkononi mwake.

Jicho likafunga. Kwa lile la pili nikamwona Kaka anainama, anafunika hotpoti. Sikuona kama Mama alikuwa ndani.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha na mvua inanyesha, ya maji. Jicho la kushoto lilikataa kufunguka, nikalisugua mpaka likaachia. Nikajiambia ni tongo. Nikaenda jikoni. Pakiti ya unga wa ngano wa sambusa ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa, kwa kuwa nilipanga kuanza baada ya chai. Nikaweka maji ya chai motoni, kisha nikaenda kumwangalia Mama.

Siku hizi anapenda nipige hodi kama mgeni.

"Hodi."

"Nani?"

Nikataja jina langu, lote, pamoja na la baba.

Akalitafuta jina hilo. "Huyo simjui," akasema. "Lakini ingia tu, binti. Kuna baridi huko."

Nikaingia, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa ameshafumba macho tena, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi. Nikauchukua ili niufunike. Kidole cha shahada kilikuwa cheupe mpaka kwenye pingili ya kwanza, na uji wa ngano ulikuwa bado haujakauka.