Mistari kwenye Meno ya Athoumani

Jumanne asubuhi, mwaka 1978, mtaani Tanambao, Mahajanga, mkunga Charifa alitia kidole kinywani mwa mtoto aliyezaliwa punde ili amtoe ute, na mtoto akamng'ata. Charifa alikifunga kidole kitambaa, kisha akahesabu meno. Yalikuwa ishirini.

"Kigego huyo," alisema Mariamou, mama mkwe wa mzazi. Kigego, mtoto wa mkosi, hakai nyumba alimozaliwa. Hupewa watu wa mbali kabla ya siku ya saba. Mariamou akaulizia chombo cha kwenda kisiwani Nosy Be.

Kouraichia alimkumbatia mwanawe kwa hofu. Kwa Wangazija nyumba ni ya mke, mume ndiye huhamia. Lakini ya kwao ilichomwa moto mwaka juzi katika ghasia dhidi ya Wangazija, jamaa zake wakarudishwa Komoro, naye akabaki kuishi kwa mkwe.

Charifa alimpeleka mtoto dirishani. Meno ya kila binadamu huanza kuumbwa tumboni mwezi wa pili, na kuanzia wa nne hukomaa, ganda juu ya ganda, kila ganda likiacha mstari. Ya huyu yalisomeka.

"Si kigego, Bi Mariamou. Yamewahi tu. Ila huu mstari, wa mwezi wa tano, unasema mama yake alikaa siku kumi na moja kwa maji ya ukoko wa wali, bila wali wenyewe."

"Kumi na mbili," Mariamou alisahihisha. "Wali haukutosha."

Ulitosha watu wengine saba wa nyumba. Magunia ya mchele yalitoka Nosy Be, alikofanya kazi mwanawe Saindou, mume wa Kouraichia.

Saindou alifika Ijumaa, akamfunua mtoto midomo, akasoma jino baada ya jino. Alichukua muda, maana hakuwa msomaji hodari.

"Mtoto abaki," alisema. Kuhusu mistari alisema mama ni mama, halaumiwi. Akampa mtoto jina la Athoumani, akarudi kazini.

Siku ya saba Mariamou mwenyewe alimnyoa mjukuu nywele na kumlisha kipande cha mkate. Athoumani alitafuna vizuri, na bibi yake akawaonyesha majirani. Kisha akauondoa uji wa uzazi kitandani kwa Kouraichia.

"Uji ni wa kuleta maziwa," alisema. "Huyu ana meno."

Uji huo akampa binti yake, ambaye hakuwa na mimba wala mtoto. Kouraichia alimshukuru kwa moyo wote kwa kumwachia mwanawe.