Dai la Pacha wa Pili

Karani wa kliniki ya macho aliitwa Kupe, maana akishang'ang'ania jambo haachi. Kazi yake ilikuwa kufuatilia madai ambayo kampuni za bima hazijalipa, na Jumatatu hiyo dai moja lilikuwa limemrudia mara ya tatu.

Lilikuwa la mzee aliyetolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Kaka yake pacha alikuwa amefanyiwa upasuaji huohuo, jicho hilohilo, siku hiyohiyo. Dai la kaka mtu lililipwa. La mdogo mtu likakataliwa, eti limeletwa mara mbili. Kadi yake ya bima ikafungwa, na jicho la kushoto likabaki linangoja.

"Kaka, hawa ni watu wawili," Kupe alimwambia ofisa wa bima kwenye simu. "Vitambulisho vyao nimeshawatumia."

"Dada, tarehe ya kuzaliwa moja, jina la baba moja, nyumba moja. Kompyuta inasema ni mtu mmoja."

"Hiyo kompyuta imewahi kuzaa mapacha?"

Ofisa alicheka, lakini dai halikusogea.

Kesho yake kaka mtu akaja kupangiwa siku ya jicho la kushoto. "Na mdogo wangu lini?" akauliza.

"Yake bado, baba. Kadi imefungwa."

"Basi na yangu iacheni. Nilimtangulia kuzaliwa kwa robo saa tu, na mpaka leo ananisimanga. Nikimtangulia na hili, nitakula naye wapi?"

Kupe aliinama akajifanya anatafuta kalamu, machozi yakimlengalenga. Akaenda moja kwa moja kwa daktari kuomba ruhusa ya asubuhi moja.

Alhamisi aliwapandisha wazee wale ngazi za ofisi ya bima, wameshikana mikono, kila mmoja akiona vizuri upande mmoja tu.

"Inua mguu, mzee."

"Mzee ni wewe. Mimi mdogo."

Walikuwa wamevaa mashati ya kahawia ya fundi mmoja, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye aliyemuiga. Ofisa alipoinua kichwa dirishani, alimtazama wa kulia, akamtazama wa kushoto, akasimama.

"Shikamoo, mzee," akasema. Kisha akageuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," wakaitikia kwa pamoja.

Mdogo mtu akaegemea dirisha. "Umeamkia mara ngapi, mwanangu?"

"Mbili."

"Haya. Iambie na hiyo kompyuta yako."

Ofisa alicheka mpaka akavua miwani. Akamwita mkubwa wake, wakachukua alama za vidole, na kadi ikafunguliwa palepale, Kupe akiwa amesimama nyuma yao hata kukaa hataki. Malipo yaliingia baada ya wiki mbili.

Macho ya kushoto nayo yalitibiwa siku moja. Bandeji zilipotolewa, mdogo mtu alimkodolea macho kaka yake kwa muda mrefu.

"Kumbe umezeeka hivi!"

"Kioo kile pale. Kajione na wewe."

Wakacheka, wakapigana vikumbo kama watoto. Kisha kaka mtu akauliza yuko wapi yule binti wa kung'ang'ania. Kupe akaitwa kutoka mezani kwake, akaja anafuta wino vidoleni.

"Sogea, mwanetu," wakamwambia. "Siku zote tumekuona kwa jicho moja tu."

Akachuchumaa katikati yao, akatulia, nao wakamtazama bila haraka.