Bi Pindo na Saa ya Mazoezi

Cherehani ya Bi Pindo ilikuwa ya kukanyaga, na alikuwa ameikanyaga miaka ishirini na miwili, mpaka vigimbi vyake vikawa vigumu kama mchi. Walimwita Bi Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Kwa hiyo wifi yake, mwalimu wa shule ya msingi, alipomletea saa ya mazoezi kama aliyovaa mwenyewe, na kusema, "Wifi, tuone wiki hii nani anaunguza kalori nyingi," Bi Pindo alicheka tu.

"Utaumbuka, wifi. Kazi yako wewe ni kusema. Mimi nafanya kazi."

Kabla ya kuvaliwa, saa ilitaka maelezo. Mwalimu akashika simu, akaanza kuuliza. Umri? Bi Pindo akataja. Urefu? Akataja. Uzito?

Bi Pindo akakohoa. Mumewe alikuwa amekaa pale pale sebuleni, anasoma gazeti.

"Sitini."

Gazeti likatikisika kidogo, likatulia.

Siku ya kwanza alishona mashati kumi na manne ya sare. Alipomaliza, mgongo unamlilia na kanga ya begani imelowa jasho, akaitazama saa. Hatua mia tatu na kumi na mbili. Chini yake saa ilikuwa imemwandikia kwa upole: Umekaa muda mrefu. Inuka ujinyooshe.

"Nimekaa?" akaiuliza. "Mimi, nimekaa?"

Jioni Mwalimu akapiga simu. Yeye alikuwa na hatua elfu tisa.

"Ulikwenda wapi, wifi?"

"Sijatoka darasani. Nimefundisha kugawanya."

Bi Pindo akaelewa. Wifi yake hawezi kusema hata habari za asubuhi bila kurusha mikono, na saa iko mkononi. Mikono yake mwenyewe hushikilia kitambaa, imetulia tuli. Kinachokwenda mbio ni miguu.

Kesho yake akaivua, akaifunga kwenye kifundo cha mguu. Hata adhuhuri haijafika, hatua elfu ishirini na sita! Saa ikatetemeka kumpongeza, na mteja aliyekuwa anasubiri gauni kando yake akaruka juu akidhani panya.

Mwalimu alipopata habari alikuja moja kwa moja kutoka shuleni. "Huu ni wizi wa mchana!"

"Miguu ya nani? Nimeiazima? Haya, kaa wewe ukanyage."

Mwalimu akakaa. Dakika tano za kwanza alicheka. Ilipofika robo saa alikuwa amevua viatu. Baada ya nusu saa uzi ulikuwa umekatika mara nne, mshono umepinda kama njia ya mlevi, na jasho linamtiririka hadi kidevuni. Akatazama saa yake: zimeongezeka hatua kumi na moja tu.

"Ama kweli," akasema akihema, "kumbe kitu hiki kinabahatisha."

Kwa kuwa mwalimu ni mwalimu, alifungua maelezo kwenye simu akasoma kwa sauti. Saa haizioni kalori. Huangalia mkono unavyocheza na moyo unavyopiga, ikachanganya na umri, urefu na uzito, kisha ikakadiria kwa kanuni iliyotokana na watu wengine waliopimwa huko kwingine. "Na kwa mwendo ule ule," akaendelea, "mwili mzito huunguza zaidi."

Bi Pindo aliacha kukata uzi.

Jioni ile ile alimwita wifi yake nyumbani. "Fungua pale penye maelezo yangu. Kuna kosa dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Kilo ishirini na saba."

Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Mume akashusha gazeti. "Ishirini na saba tu?" akauliza, na mto wa kiti ukampata kichwani.

Wakaandika ukweli, na kalori za Bi Pindo zikapanda papo hapo. Mwalimu akaiangalia simu yake, akajikuna shingo.

"Na mimi nina kosa dogo, wifi. Kwenye umri."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Tisa! Basi kwa umri huo wa saa, uliponiamkia harusini kwangu ulikuwa bado unanyonya?"

Alipoandika umri wake halisi, kalori zake zikashuka, kwa maana saa humhesabia kijana zaidi kuliko mtu mzima. Hata hivyo, bila kuhesabu zile hatua za kifundoni, alibaki mbele kidogo, nao wakaanza kubishana upya: mmoja ameshinda, mwenzake anasema ameshinda kwa kupunga hewa. Wakamgeukia mume awe mwamuzi. Akawatazama mke na dada, akakunja gazeti, akaenda jikoni kubandika chai bila kuombwa na mtu.

Siku hizi Bi Pindo huvaa saa yake mkononi, na ikimwambia ainuke humalizia kwanza kola. Kila jioni Mwalimu humtumia idadi ya hatua zake. Bi Pindo humjibu kwa picha ya mashati ya siku hiyo, yamekunjwa mezani, vifungo vyote mahali pake.