Sahani ya Paka

Adhana ya magharibi ilikwisha, na Intisar bado ameishika tende yake, hajaitia mdomoni. Ndiyo mara yake ya kwanza kufunga mpaka mwisho wa siku. Ana miaka minane, midomo imemkauka, kaimati alizoziagiza mwenyewe ziko mbele yake, naye anamtazama babake.

"Baba afungue kwanza," alisema.

Mwanangu Taha aliigeuzageuza tende vidoleni. Mimi nilijua kilichomzuia. Saa saba mchana nilikuwa nimempandishia wali na samaki ghorofani kwa mikono yangu, nami nimefunga.

Haya yalianza waliporudi kutoka Nairobi, Taha alipopata kazi ya zamu za usiku kwenye kampuni ya malori kule Shimanzi. Yeye na mkewe Sumeiya walikuwa wameshaacha dini. Hawakunificha. Nililia siku tatu. Kisha Taha akaja na jambo ambalo sikulitarajia: mtoto aende chuoni, akasome Kurani.

"Wewe huamini. Wamtakia nini?" nilimuuliza.

"Nataka awe na kwao, Mama. Hapa Kibokoni asiyejua kusali ni mgeni. Akikua atachagua."

"Atachaguaje kitu ambacho babake amekiweka kando?"

Sumeiya alicheka. "Ndiyo maana tumekuletea wewe, Mama. Wewe unacho."

Nilifurahi kuliko ilivyonipasa, na furaha ile ikanitia haraka. Nikawapa sharti: mtoto asijue. "Ramadhani ikiingia mtakula juu, madirisha mmeyafunga. Chakula nitapika mimi." Wakakubali. Basi mimi, mjane nisiyekosa tarawehe, nikawa napanda ngazi kila mchana na sahani chini ya leso, kama mwizi. Nikishuka sikai. Nafagia palipokwisha kufagiwa, nachungulia mlangoni, nasikiliza viatu vya mtoto.

Siku ile mwalimu aliwaachia mapema watoto waliokuwa wakijaribu kufunga. Intisar akanikuta katikati ya ngazi, sahani mkononi, imebaki miiba na kijiko.

"Bibi, nani amekula?"

"Paka," nikasema. Nimefunga, na ulimi wangu ukasema paka.

Aliitazama sahani. "Paka ametumia kijiko," alisema, akanipita.

Sasa, mbele ya futari, Taha aliirudisha tende siniani.

"Mimi sikufunga, mwanangu."

"Na mama?"

"Mimi pia," Sumeiya alisema, macho kwenye jamvi.

"Basi mbona mimi?"

Taha alinitazama. Aya ninazo, nimezihifadhi, japo shule niliishia darasa la nne. Hakuna hata moja iliyokuja.

"Bibi yako ndiye aliyetaka usijue," nilisema. "Nimekudanganya. Hapakuwa na paka."

"Najua," alisema. Akala tende yake.

Baada ya futari Taha alinifuata jikoni. "Kuanzia kesho ataenda chuoni akitaka mwenyewe. Na sisi tutakula huku chini, mezani."

"Ukimwachia hivyo tutampoteza."

"Nani atakayempoteza, Mama? Sisi au wewe?"

Niliosha sufuria moja mara mbili.

Kesho yake Intisar hakwenda. Wala keshokutwa. Alikaa mezani na wazazi wake mchana kweupe, nami nikiwapakulia, na kila kijiko kilichogonga sahani nilikisikia kifuani. Siku ya nne alichukua juzuu yake akatoka, hakumwambia mtu. Wiki iliyofuata akakaa tena nyumbani.

Leo ana miaka kumi na mitano, na mambo ni hayo hayo. Siku nyingine namsikia akitia udhu, kisha msala wake unatandikwa kuliani kwangu. Siku nyingine hasikiki. Sigeuki kutazama, kwa kuwa nimo ndani ya sala, ingawa shingo yataka. Nangoja mpaka mwisho. Hapo ndipo ninapogeuza uso kulia kutoa salamu, na huwa ni yeye, au huwa ni ukuta.

Salamu naitoa vilevile.